Ndoo ya Mgeni

Wapendwa, mzee wa kanisa ananionyesha saa yake, na mimi namwonyesha mawingu. Masika yako mlangoni, kwa hiyo leo mtanivumilia kidogo. Sina mahubiri marefu. Nina mama mmoja tu na ndoo yake, nikimaliza habari zao nitawaachia mwende mkapike.

Mama huyu aliishi bondeni, kwenye mji mmoja wenye reli na mto. Asubuhi alikaanga vitumbua akauza pale stesheni, jioni alipikia watu wanne: yeye mwenyewe, mumewe ambaye ni fundi baiskeli, binti yao Tunu wa darasa la pili, na mama mkwe wake. Mtaani walimwita Mama Tunu. Yule mama mkwe alikuwa na kifafa. Alimeza kidonge kila jioni, na mwaka mmoja aliporuka siku mbili tu, alianguka jikoni akaungua mkono, kovu likabaki.

Siku moja kwenye mkutano wa mtaa, bwana afya alisimama akasema kila nyumba iweke vitu vya dharura mahali pamoja. Maji, chakula kisicho na mapishi marefu, dawa, mwanga, nakala za vyeti. Mzigo ambao mtu anaweza kuubeba akikimbia. Watu wakapiga makofi, wakaenda nyumbani, wakasahau. Nyinyi hamko hivyo, najua. Nyinyi mahubiri yangu mnayakumbuka mpaka Jumatano.

Mama Tunu hakusahau. Wakati wa kula akalitoa lile jambo. Mama mkwe akarudisha tonge kwenye sahani.

"Usituchurie!" alisema. "Mafuriko hayajaja, wewe tayari unayatandikia kitanda?"

"Ni vitu vidogo tu, mama. Kiberiti, chumvi, dawa zako..."

"Uchuro huo! Tema mate chini. Ukianza kukusanya vitu vya balaa, balaa nayo inasikia inaitwa."

Baba Tunu akaegemea upande wa mama yake, kama kawaida yetu wanaume chakula kikiwa bado mezani. "Na hivyo vitu vya kukaa bure tutavinunua kwa hela gani, mke wangu? Mafuta ya vitumbua yenyewe unayapata kwa kubahatisha."

Mnawafahamu watu hawa, au nimewatoa mbali? Ni nyumba ngapi hapa ambazo mtu akitaja ugonjwa anaambiwa ateme mate chini? Sisi tunaogopa kulitaja jambo kuliko tunavyoliogopa jambo lenyewe.

Mama Tunu hakubishana. Siku tatu baadaye, jirani mmoja, fundi wa kupaka rangi, alikuwa anatupa ndoo ya lita ishirini, ile yenye mfuniko wa kubana. Akaiomba. Akaisugua kwa mchanga na majivu mpaka rangi ikaachia, akaianika juani, akaiweka kwenye kona ya sebule na kuifunika kitambaa cha kudarizi.

"Hiyo nayo ni ya nini?" mama mkwe akauliza.

"Ya mgeni, mama."

Basi. Neno moja, nyumba nzima ikatulia.

Maana sisi cha mgeni hatukigusi. Wewe hapo una vikombe kabatini hujawahi kuvinywea chai tangu uvinunue. Una shuka la maua ambalo hujui hata likoje ukililalia. Mtoto akifungua soda ya mgeni, siku hiyo anakiona cha moto. Mgeni aje kesho, aje mwakani, vyake atavikuta.

Basi Mama Tunu akaanza kumwekea mgeni wake. Hakwenda dukani na orodha ndefu, angeitoa wapi hela? Kila wiki aliweka kitu kimoja. Wiki ya kwanza chumvi. Wiki ya pili kiberiti, akakifunga ndani ya nailoni mbili na kudondoshea nta ya mshumaa kwenye fundo. Karanga alizikaanga kwenye moto uliobaki baada ya vitumbua. Unga wa uji aliuchota konzi moja moja, kila alipopika, na wenyewe ndani wala hawakuona uji umepungua. Chupa aliziokota pale stesheni, abiria wanavyozitupa dirishani, akaziosha kwa maji ya moto na kuzijaza maji yaliyochemka. Khanga iliyochoka akaichana vitambaa vya kufungia vidonda. Namba za simu akaziandika kwenye karatasi, kwa sababu simu ikizima, wapendwa, hatujui hata namba za wake zetu.

Na alipokwenda zahanati kuchukua dawa za mama mkwe, alimweleza daktari, akapewa za wiki mbili zaidi. Zikaingia ndooni. Kila mwezi alizitoa hizo zikatumika kwanza, mpya zikaingia mahali pake. Maji vilevile, unga vilevile. Mle ndani hakikuchacha kitu.

Sasa sikilizeni kichekesho. Mlinzi mkali wa ndoo ile alikuwa nani? Mama mkwe! Tunu akisogea kutafuta karanga, bibi yake alimkemea kutoka huko kitandani: "Toka hapo! Hizo ni za mgeni." Baba Tunu akiishiwa kiberiti, mama yake alimtuma dukani. Miezi mitano mwanamke yule alilinda dawa zake mwenyewe bila kujua.

Namwona dada mmoja pale nyuma amenikunjia uso. Anasema moyoni, mchungaji, si huyu mama alidanganya? Subiri kidogo, dada yangu. Usimhukumu kabla sijamaliza.

Ikawa Jumanne moja, saa nne asubuhi, jua linawaka. Pale mjini hata wingu halikuwepo. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu milimani, na mto ukashuka nayo. Maji ya rangi ya chai ya maziwa yaliingia kwa mlango wa uani, na kabla watu hawajamaliza kushangaa yalikuwa magotini. Kila mtu akabeba alichokishika. Baba Tunu alimpandisha mama yake mgongoni, akakimbia naye mpaka shuleni kule mlimani, alikokuwa Tunu. Alipomshusha akajikuta ana rimoti ya televisheni mkononi. Televisheni iko majini, rimoti anayo! Mnacheka. Haya, wewe ungetoka na nini? Usinijibu mimi, jijibu mwenyewe.

Mama Tunu alifika nyuma yao, ndoo iko kichwani.

Walipewa darasa moja, familia kumi na moja, madawati yamesukumwa ukutani. Mchana ukapita. Saa kumi na moja ilipogonga Baba Tunu akaanza kuzunguka, anaingia, anatoka. Dawa za mama yake zilikuwa dirishani, na dirisha lenyewe halionekani tena. Akauliza njia ya zahanati, wakamwambia daraja limeondoka. Akarudi akakaa chini, akashika kichwa. Mama yake alikuwa anaushikashika ule mkono wenye kovu na kumwangalia mjukuu wake. Aliogopa, jamani. Aliogopa kuanguka pale sakafuni mbele ya mtoto, mbele ya watu wote wale.

Mama Tunu akaivuta ndoo, akabandua mfuniko, akatoa pakiti ya vidonge na chupa ya maji.

Mama mkwe akazitazama dawa, akamtazama mkwe wake. "Hizi umezitoa wapi?"

"Humu humu ndooni."

"Ndoo ya mgeni?"

"Ndiyo, mama. Na mgeni mwenyewe ni wewe. Leo tunalala kwa watu."

Mwanamke yule akameza kidonge chake. Halafu akalia, na wala hakujificha.

Umesikia, dada yangu wa pale nyuma? Hakudanganya. Alikuwa hajui tu mgeni atakuja na sura ya nani.

Mlidhani habari imeishia hapo. Haijaisha. Baba Tunu alichungulia ndani ya ndoo. Akaona karanga, unga, sukari, sabuni, mishumaa. Yule yule aliyesema vya kukaa bure! Akainamisha kichwa, akanong'ona, "Funga, mke wangu. Funga upesi. Humu ndani tuko watu wengi, wakiona hatutabaki na kitu."

Ni kweli, na wala si mtu mbaya. Ana mama mgonjwa na mtoto mdogo. Wewe ungesemaje? Mimi, niwaambie ukweli, ningekuwa nimeshaukalia ule mfuniko.

Lakini mama yake alimsikia. Akafuta machozi kwa ncha ya khanga, akasema, tena si kwa kunong'ona:

"Wewe mtoto! Miezi mitano namnyima mjukuu wangu karanga kwa ajili ya mgeni. Leo wageni wamejaa chumba kizima, ndiyo unaniambia tufunge?"

Darasa zima likageuka. Baba Tunu akatafuta pa kuweka uso wake, hakupaona.

Dawa wakazibakiza, hizo ni za mgonjwa. Vingine vikatoka. Kuna mzazi alikuwa na mtoto wa wiki tatu, wa kwanza kupewa uji akawa huyo mama. Sufuria ilitoka kwa jirani aliyekimbia nayo bila kujua ataipikia nini. Kuni zilitoka jiko la shule. Kiberiti cha Mama Tunu kikawaka kwa njiti ya kwanza, kikavu kabisa. Na watu walipoona ndoo imefunguliwa, na wao wakaanza kufungua: huyu alikuwa na sukari kwenye mkoba, yule alikuwa na muhogo mbichi alioukumbatia tangu asubuhi na kuuonea haya. Unga uliisha siku ya pili, ila hakuna aliyelala na njaa, na siku ya tatu boti ikafika na chakula. Dawa za mama mkwe zilimfikisha mpaka daraja lilipotengenezwa. Hakuruka hata siku moja.

Sasa tuje kwetu. Sisi tukisikia maandalizi tunasema uchuro, au tunasema sina uwezo, au, hii ndiyo inaniumiza zaidi, tunasema nina imani. Ndugu yangu, imani gani hiyo isiyo na hata chupa ya maji? Mungu anaweza kuukausha mto, naamini hivyo. Siku ile hakuukausha. Alikuwa ameshampa mwanamke mmoja wazo, miezi mitano kabla, na yule mwanamke akalifanyia kazi kwa konzi za unga.

Na msiniambie ni umaskini. Kamati ya harusi ikipita hapa tunachanga, sare tunashona. Sisemi tuache. Nasema hivi, mtu mwenye sare tatu kabatini asiwe hana kiberiti kikavu. Na asiye na sare hata moja, ana chupa tupu nyumbani, ana majivu ya kusugulia ndoo, ana konzi moja ya unga. Anza na hiyo. Wiki hii chumvi. Jumapili ijayo njoo uniambie umeongeza nini, na mimi nitakwambia changu, maana na kwangu, mke wangu shahidi, mpaka jana hapakuwa na kitu.

Sisi sote humu ndani tutakuwa wageni wa mtu siku fulani. Sijui ni lini, na sijui nani kati yetu atafika kwa mwenzake ana maji mpaka kiunoni. Ninachotamani ni kwamba siku hiyo, katika kanisa hili, asikosekane wa kufungua mfuniko.

Simameni tuombe mvua njema. Na tukishasema amina, kila mtu aende akaoshe ndoo.