Kaburi Fupi la Zakaria

Hapo zamani, zamani za vita vya Bama, nchi ya ng'ambo, kijiji cha Lihangweni kilitoa wanaume sita kwenda keya, jeshi la Mzungu. Wakaenda sita, akarudi mmoja, Fidoli, mkono wa kushoto kauacha hukohuko. Wewe unayepiga miayo hapo nyuma, kaa vizuri. Mwishoni nitakuuliza wewe.

Sasa, Lihangweni mtu akifia mbali, hukatwa mgomba wa urefu wake, ukaviringwa sanda, ukazikwa kwa jina lake. Anayepima ni mke, maana ndiye amjuaye mumewe kimo. Kipimo kikikosewa, hayo si maziko. Na jambo la pili: udongo wa kwanza kaburini hutupwa na yule aliyemkosea marehemu kuliko wote. Akishatupa, amekiri, ndipo wengine hufukia. Hayo mawili yashikeni, msije mkanisumbua.

Fidoli aliwataja wenzake wanne waliokufa, kisha akamgeukia Sabina, mke wa Zakaria. "Shemeji, Zakaria naye hatunaye. Nilimwona akifa kwa macho yangu."

Sabina hakulia. Roho yake ilikataa katakata. Zakaria alikuwa mrefu, mlango wa nyumba yake mwenyewe aliuingia kwa kuinama. Sabina alipopewa panga, alisimama kando ya mgomba akaukata sawa na utosi wake yeye, si wa mumewe. Akauviringa sanda peke yake. Moyoni alisema, kaburi hili halitampata ng'o. Wakazika migomba mitano mstari mmoja, wakauita safu ya keya, na nafasi ya sita wakamwekea Fidoli, siku yake ikifika.

Mwaka ukapita, wa pili ukapita, wa tatu ukapita. Sabina akachoka kungoja, naye ni mtu. Fidoli akaposa, wakaoana, wakapata binti, Daria.

Mwaka wa tano, mchana kweupe, mtu mrefu, mifupa mitupu, akapiga hodi uani kwa Jumbe Mbunda, mkuu wa kijiji. Ala! Zakaria! Waliokuwapo wakatimua mbio, kisha wakarudi mmojammoja kuchungulia, Sabina na Fidoli miongoni mwao.

"Baba Jumbe, ni mimi. Nilikuwa mateka."

"Wewe tulikuzika," Jumbe akasema. "Aliyezikwa hapa hana nyumba, hana shamba, hana mke. Ndivyo tulivyokuta."

Zakaria akamtazama Sabina. Sabina, Daria mgongoni, alijua neno moja tu lingetosha: nilimpima kwa kimo changu. Neno hilo, na Zakaria angekuwa hai mbele ya watu. Lakini papo hapo ndoa ya Fidoli ingekuwa si ndoa, na Daria angeitwa mwana haramu mpaka uzeeni. Akafumba mdomo. Fidoli naye akaangalia vidole vyake vya miguu.

"Haya," Zakaria akasema, "nitakaa na wenzangu."

Akajenga kibanda ukingoni mwa makaburi. Akapalilia makaburi ya wenzake wanne, na la tano, la kwake. Marehemu haongeleshwi, ila chakula huruhusiwa kumwekea kaburini. Basi kila Jumamosi Sabina aliweka ugali na mboga juu ya kaburi la mumewe, akaondoka bila kugeuka nyuma. Mara moja tu alisikia sauti: "Leo chumvi umezidisha, Sabina." Alifika nyumbani akalia mpaka Daria naye akaangua kilio asijue analia nini.

Miaka saba ikaenda hivyo. Jumamosi moja Sabina akamkuta amelala juu ya kaburi lake, jembe mkononi, mwili umeshapoa.

Wakalifukua kaburi lenye jina lake, wakifuata kingo zake za zamani, maana jingine hakuwa nalo. Mgomba ulikuwa umeoza kitambo. Wakamshusha. Kichwa kikaenea, miguu ikagoma. Wakamgeuza, wapi! Wakamkunja magoti. Watu wote wakamtazama Sabina.

Sabina akachota udongo. "Huu ni wangu. Nilimpima kifupi makusudi, ili asife. Akarudi, nami nikanyamaza. Miaka saba nimemlisha kama mzimu, na mtu yu hai. Mkosaji ni mimi."

Fidoli akamshika mkono. "Weka chini, Mama Daria. Uongo ulianza kwangu. Sikumwona akifa. Nilimwacha hai, mguu umevunjika, akaniambia, 'Kawaambie nimekufa, Sabina asinisubiri bure.' Nikamtii. Lakini hakuniambia nikuoe. Hilo nilijiongezea mwenyewe."

Naye akachota udongo. Jumbe Mbunda akaja akiburuta miguu, akainama, akachota wa kwake.

"Shimo hili nilisimamia mimi likichimbwa," akasema. "Niliona ni fupi siku ileile. Aliporudi ningesema, nikaogopa. Wajane wale wanne wangenijia, 'Na wetu je?' Nikaona heri mmoja akae nje kuliko kijiji kizima kianze kungoja upya."

Kusema tu si kitu Lihangweni; kinachohesabiwa ni udongo. Akitupa Sabina, Daria ni mwana haramu. Akitupa Fidoli, nafasi ya sita ataikosa, atazikwa porini kama mwongo. Akitupa Jumbe, fimbo ya ujumbe ameiacha, na makaburi manne yatafukuliwa. Pale pembeni mjane mmoja alikuwa ameshaanza kulipima la mumewe kwa nyayo, taratibu, kisigino kwa kidole.

Na msiniambie marehemu alijitakia mwenyewe. Marehemu hana mkono wa kutupa.

Mvua ikaanza. Zakaria alikuwa chini, magoti yamekunjwa, anangoja kufukiwa, na juu yake ngumi tatu za udongo.

Haya, wewe wa miayo, sema. Je, udongo wa kwanza ulikuwa wa nani?