Chumvi ya Mfalme Shungwe

Apa kwanza kwamba hili halitatoka hapa; mimi nimewaambia majirani tu.

Mfalme Shungwe alifunga mipaka, akawafundisha watu itikadi moja: nchi yetu inajitosha, cha nje ni sumu. Papo hapo akadai Mbweka, nchi jirani yenye chumvi, ni yetu tangu enzi za mababu. Bi Ruzuna akakutwa na kibaba cha chumvi ya Mbweka, akahukumiwa kufukuzwa nchini.

"Sawa, baba," akasema. "Niache tu niwapikie watu maharage ya kwaheri, yasiyo na kitu cha nje hata punje."

Mfalme akafurahi, akaita mji mzima. Watu wakala tu, wamezoea chakula chapwa. Mfalme akatia kijiko kimoja kinywani, uso ukamkunjamana, mkono ukajiendea wenyewe mfukoni, ukarudi ukinyunyiza.

"Nini hicho, baba?" akauliza Bi Ruzuna.

"Chumvi."

"Ya wapi?"

"Ya Mbweka. Na Mbweka ni yetu, au unabisha?"

"Nibishe nina wazimu? Basi hata yangu ilikuwa ya nyumbani."

Watu wakautazama mkono wa mfalme, bado mweupe kwa chumvi, kisha wakamkingia sahani zao.