Mtungi Usiolia

Baba yangu, Lazhar mfinyanzi, alifariki Alhamisi asubuhi, udongo ukiwa haujakauka viganjani mwake. Mama yangu, Mabruka, hakulia. Alimnawisha mikono, kisha akawapikia wageni siku zote tatu za matanga.

Mmeniuliza, wanangu, tumeutoa wapi msemo huu: mtungi usiolia haupozi maji. Ulianzia katika soko la vyungu la mji wetu, hapa hapa Tunisia, na mimi nilikuwepo.

Soko lile lilikuwa la kutazamwa. Kila Jumanne sahani za kijani na njano zilipanda ukutani hadi kwenye paa, na mabakuli ya kuskusi yalitanda chini mpaka mtu akose pa kukanyaga. Mwishoni kabisa ilisimama mitungi ya baba, myeupe, isiyo na urembo wowote, na watu walisafiri kutoka mbali kuifuata. Ilikuwa na vitundu visivyoonekana kwa macho. Maji yalipenya kidogo kidogo hadi nje, upepo ukayakausha, na yaliyobaki ndani yakapoa. Unyevu ule wafinyanzi waliuita kilio cha mtungi.

Wiki iliyofuata mama alirudi sokoni na mitungi thelathini, ya mwisho aliyoiacha baba. Akajaza mmoja maji ili wanunuzi waonje, kama ilivyo ada. Kufika adhuhuri ulikuwa umelowa. Bashir, jirani yetu muuza sahani, akatania, "Tazameni, mtungi unamlilia Lazhar. Mkewe je?"

Mama akaikusanya mitungi yake. Nyumbani alichukua mafuta ya zeituni akaisugua mitungi yote, ndani na nje, hadi ikang'aa. Jumanne ya pili mitungi ilisifiwa sana, na Bi Zohra, mteja wa baba wa miaka mingi, akanunua mmoja. Jumanne ya tatu aliurudisha, umejaa maji.

"Mabruka, hiki ni nini?"

"Ni mtungi wa Lazhar."

"Lazhar hakuwahi kuniuzia birika la chai. Onja."

Mama akaonja. Maji yalikuwa ya uvuguvugu.

"Umeupaka mafuta," Bi Zohra akasema. "Mke wa mfinyanzi, hili unalijua kuliko mimi. Kwa nini?"

"Siwezi kuketi kutwa kati ya mitungi inayolia, na mimi nayazuia machozi yangu."

"Nani kakukataza kulia?"

"Nikianza, nani atauza?"

"Utauza nini, mwanangu? Watu watasema Lazhar ufundi ulimtoka kabla ya roho." Bi Zohra akaketi kando yake, akamshika goti. "Mtungi usiolia haupozi maji."

Mama akajifunika uso kwa shela, akalia pale pale, mbele ya wanunuzi. Bashir alikuja, akaipakia mitungi yote kwenye mkokoteni wake. Jioni ile yeye na mama waliichoma upya kwenye tanuru hadi mafuta yakateketea. Miwili ilipasuka. Mingine ilirudi sokoni, ikalowa kama zamani, na maji yake yaliuma meno kwa ubaridi.

Ndipo watu wa soko wakaanza kumwambia kila mfiwa mwenye macho makavu: mtungi usiolia haupozi maji.

Mama naye tulimzika mwezi uliopita. Kila Jumanne, sasa, kibanda chake nakikalia mimi, kati ya mitungi inayolia.