Kitovu cha Luqman

Wametusimulia waliotutangulia kwamba Jumatatu, tarehe kumi na mbili ya mwezi wa Rajabu, baada tu ya sala ya adhuhuri, askari walibisha mlangoni kwa Bi Rahima, mjane mcha Mungu. Watoto wawili wa sultani mmoja walikuwa wakipigania kiti, Waislamu kwa Waislamu. Kila kijana raia alitakiwa vitani, mgeni aliachwa.

Bi Rahima alikuwa na mwana mmoja tu, Luqman. Mama ni mzaliwa wa mji ule; marehemu mumewe alitoka nchi ya mbali. Basi kijana ni raia au mgeni? Kwa ada yao, mtu ni wa pale kilipozikwa kitovu chake. Kadhi akamwita mama aape.

Njiani jirani yake Zaituni alimvuta shela. "Shoga, mumeo si alikwenda kwao mtoto akiwa mchanga? Sema alikichukua kitovu. Neno moja tu. Au ulimi umeuweka akiba?"

Bi Rahima akaendelea na njia, akiwaza. Ni kweli kitovu alimkabidhi mumewe, kimefungwa kitambaani. Ni kweli mumewe alisafiri. Lakini alikizika kabla ya safari, au alikwenda nacho? Hakumwuliza, na sasa hayupo wa kuulizwa. Kila akijaribu kukumbuka, ndipo anapozidi kupotea.

Mbele ya kadhi, aliweka mkono juu ya Msahafu.

"Sijui, Sheikh."

Jemadari wa askari wale akacheka. "Mama gani asiyejua kitovu cha mwanawe?"

"Nilipokifunga napajua, baba. Kilipozikwa sipajui."

Kadhi akamgeukia jemadari. "Angetaka uongo, angesema wa kumfaa. Uraia wa kijana huyu una shaka, na kwa shaka simtumi mtu kuua. Atakwenda kuosha maiti wa pande zote mbili."

Luqman akawaosha na kuwasitiri, hata homa ya kambini ikamchukua. Wakaja watu wa pande zote, kila upande ukitaka kumzika kwake, wakamwita Bi Rahima.

"Mama, huyu ni wa wapi?"

"Wanangu, bado mnaniuliza hilo? Sijui. Mchimbieni hapo alipofia."

Wakachimba hapo hapo, kati ya kambi mbili, wakipokezana jembe. Siku ile hapakupiganwa.

Ndugu zangu, ukweli haukumrudishia mama mwanawe, na hekima yake anaijua Mola. Lakini Luqman alikwenda kwa Muumba wake bila damu ya mtu mikononi.

Ewe Mwenyezi Mungu, mrehemu Luqman, na wote waliolala mbali na vitovu vyao, na uwape subira mama zao. Amin.