Firigisi ya Mwenye Nyumba

Liwali Mwinyikai aliitamani nyumba ya mjane Kidawa. Akamwambia, "Mwanasayansi wangu, mwanafalsafa wangu na shehe wangu hawajawahi kukubaliana hata juu ya mvua. Wakikubaliana jambo moja kabla ya Ijumaa, nitakuachia nyumba. La sivyo, uhame."

Alhamisi Kidawa akawaalika wote wanne kula kuku. Liwali akapekua mchuzi wee, akakunja uso. "Desturi yetu firigisi ni ya mwenye nyumba. Na nyumba hii kesho ni yangu. Firigisi yangu iko wapi?"

"Kuku huyu hakuwa nayo, Bwana Liwali. Aliumbwa hivyo."

"Mwongo!" alifoka mwanasayansi. "Bila firigisi angesagaje punje?"

"Na asiyesaga hashibi, asiyeshiba hanenepi," alidakia mwanafalsafa huku akitafuna paja. "Huyu amenona. Basi alikuwa nayo."

"Mola haumbi kuku nusunusu," alisema shehe. "Alikuwa nayo!"

"Nyote watatu mna hakika?" aliuliza Kidawa.

"Hakika!" walijibu kwa pamoja.

Kidawa akamgeukia Liwali. "Umewasikia wakikubaliana. Nyumba yangu niachie."

Liwali akauliza, "Na firigisi?"

"Si umesema mwenyewe ni ya mwenye nyumba? Nimeila tangu asubuhi."