Kiboko Kwenye Foleni ya Mawe

Niwape nisiwape?

— Tupe!

Nipunguze nisipunguze?

— Usipunguze hata punje!

Haya, nyamazeni basi. Wewe unayetafuna muwa huko nyuma, ama utafune ama usikilize. Mimi sisimulii mara mbili.

Paliingia ukame. Mvua ikakataa, ikakataa tena, mto ukakauka ukabaki mchanga mtupu. Maji yalisalia mahali pawili tu. Pa kwanza ni bwawani kwa Kiboko, bwawa lenye kina, baridi, na magugu yanaelea juu yake kama mito ya kulalia. Pa pili ni kishimo kule mtoni, kilichochimbwa kwa kucha, na maji yake yalikuja tone, tone, tone.

Bwawani alikaa Kiboko na mpambe wake, Bata. Kila asubuhi Kiboko alitoa pua nje, pfuuu! akauliza:

"Bata, nchi ikoje?"

Bata akatazama kulia, maji. Akatazama kushoto, maji.

"Nchi imelowa, bwana mkubwa."

"Na hao wanaolia huko nje, wanalia nini?"

"Wamezoea, bwana mkubwa. Ni mila yao."

"Basi mila zidumishwe," akasema Kiboko, akazama. Chubwi!

Huko kishimoni wanyama walipanga foleni. Foleni ilikuwa ndefu na jua ni kali, kwa hiyo hakuna aliyesimama mwenyewe. Kila mmoja aliweka jiwe lake kwenye mstari, akaenda kujibanza kichakani. Jiwe lako ndiye wewe. Uwe mkubwa uwe mdogo, jiwe lako haliguswi na halirukwi.

Jiwe la Nguchiro lilikuwa nyuma kabisa. Na Nguchiro alikuwa na mtoto, kitinda mimba wake, ambaye tangu asubuhi alikuwa ameacha kulia. Ulimi umegandamana na kaakaa, macho yamezama. Mama akaangalia jiwe lake, akaangalia mtoto. Akaona wazi: zamu yangu ikifika, huyu hayupo.

Akaenda bwawani. Hakunyata, hakujificha. Alikwenda mchana, kwa njia ya mbele, na hapo ndipo ninapompendea.

"Shikamoo, Bwana Kiboko."

"Marahaba. Nani huyo? Sauti naisikia, mwili siuoni."

"Mimi Nguchiro. Mwanangu ana kiu, bwana. Anakufa."

"Kiu? Si anywe!"

"Anywe nini?"

"Anywe maji. Mtoto hajui kunywa?"

"Maji hatuna, bwana."

"Kwani bwawa lenu limefanyaje?"

"Hatuna bwawa."

Kiboko akamgeukia Bata. "Eti hawana bwawa! Sasa wanalala wapi?"

"Ni uzembe, bwana mkubwa," akasema Bata.

"Sikiliza, mama," akasema Kiboko, tena kwa upole kabisa. "Kila mtu anywe la kwake. Mimi nanywa langu, umewahi kuniona nikija kunywa lako?"

Nguchiro akasogeza mguu majini. Kiboko akaachama kinywa, gwaaaa! Nguchiro akaruka nyuma, Bata akacheka, kwe kwe kwe.

Mama wa watu akaondoka. Alipofika njia panda akasimama. Akajiambia: huyu hatuchukii, huyu hatujui. Asiyetujua ataamini lolote juu yetu. Akageuka, akarudi mbio, akapita ukingoni bila kutazama pembeni.

"Wewe! Unakimbilia wapi?" akaita Kiboko.

"Kwenye foleni, bwana."

"Foleni ndiyo nini?"

"Aa, hayo si mambo yenu wakubwa. Ni yetu sisi wadogo."

Sikio la Kiboko likasimama. Hajapata kusikia kitu ambacho si chake.

"Nimekuuliza, ni nini?"

"Kujipanga tu, bwana. Nchi nzima imejipanga tangu alfajiri, juani, na hakuna anayekubali kutoka."

"Nchi nzima! Kumbe kuna kitu kitamu!"

"Mimi sijasema, bwana. Ila wa kwanza hupata kidogo tu akaenda zake. Wa mwisho ndiye hukomba chote kilichobaki, wala hapana wa kumdai."

Haya, nyie niambieni, amesema uongo hapo? Hata neno moja!

"Bata!" Kiboko akanguruma. "Kwa nini mimi sijapangwa?"

Akatoka majini, Bata nyuma yake. Tifu, tifu, tifu, mpaka mtoni. Akakuta mstari wa mawe.

"Wenyewe wako wapi?"

"Ndio hawa, bwana," akasema Nguchiro. "Huyu ni Babu Kobe. Huyu ni Mama Ngiri. Huyu mwenye doa ni Kanga."

Kiboko akainama, akatazama sana. "Nilijua ni wadogo. Sikujua ni wagumu hivi. Hujambo, Kobe?"

Jiwe kimya.

"Umeona, Bata? Wananchi wangu hawalalamiki hata kidogo. Mimi ndiye wa mwisho, asije mtu nyuma yangu!"

Akasimama mkiani, kifua mbele.

Nguchiro akaingia kichakani. "Babu Kobe, amka! Mama Ngiri, beba watoto! Bwawa halina mtu." Wakaondoka wote, wakubwa kwa wadogo, Nguchiro na mwanawe mgongoni. Wakafika, wakatumbukia. Gu, gu, gu! Nguchiro akachovya mkia, akakamua tone kwenye ulimi wa mwanawe. Kimya. Akakamua tena. Mtoto akakohoa. Akameza. Halafu akaanza kulia, kilio kikali cha kupasua masikio, na mama akakaa chini kwenye tope, akakisikiliza mpaka kilipokwisha.

Kule mtoni ngozi ya Kiboko ilianza kupasuka kama udongo wa tanuri.

"Bwana mkubwa, foleni haisogei," Bata akanong'ona.

"Nyamaza! Nikitoka, mwingine atakuwa wa mwisho."

Jua lilipolala, Nguchiro akarudi ameshiba, akaanza kuyaondoa mawe. "Wenzako wametosheka, bwana. Kilichobaki chote ni chako."

Kiboko akasukuma pua shimoni, akavuta, fyooo! Akapata funda la tope. Akalikoroga kinywani. Akawaza. Akisema ni baya, basi amesimama juani mchana kutwa kwa ujinga wake.

"Tamu," akasema.

Bata akachovya mdomo. "Tamu mno, bwana mkubwa!"

Tangu hapo hakuna mazungumzo ambayo Kiboko hakuyakata. "Mniulize mimi! Mimi nimepanga foleni. Shida za watu nazijua." Na kila aliposikia jina lake linafifia, alitoka bwawani akaenda kusimama nyuma ya mawe, aonekane ni mwenzao. Na kila alipokwenda kuwa mwananchi, wananchi walikwenda kunywa. Ukame ule haukuua mtoto wa mtu.

Sasa mnataka funzo. Kila mara funzo, kama nyongeza ya dagaa! Haya, shikeni: pangeni foleni kwa adabu, nyamazeni kama mawe, na bwawa la mkubwa msilisogelee kamwe. Unayecheka hapo, nimekuona.

Ngano yangu naiweka chini hapa. Ikikupendeza, ibebe. Isipokupendeza, iache njiani, anayekuja nyuma ataiokota.