Ufunguo wa Mlango wa Siwema

Sogeeni mnisikie. Mwenye mafua akae kule pembeni. Sababu ataijua mwenyewe.

Katika kijiji cha Kwemtindi, juu milimani ambako ukungu huingia nyumbani bila kubisha hodi, waliishi watu watatu wenye vipawa. Wa kwanza alikuwa Zaina binti Shekiondo, si Zainabu, ingawa wengi walimwita hivyo. Aliweza kuona uchafu mahali wengine walipoona pasafi. Wa pili alikuwa mama mkwe wake, Bibi Mwantumu, aliyegonga fenesi kwa kiganja akajua limeiva upande gani. Wa tatu alikuwa shemeji yake, Singano Shemboza, mwamuzi wa mpira, mtu wa mbio na mzaha.

Zaina alikuwa na binti, Siwema. Jasho la mtoto huyu lilikuwa na chumvi nyingi hata mbuzi walimfuata kumlamba mikono. Kifuani mwake mlijaa makohozi mazito kama gundi. Hoza na Mwanaisha, waliomtangulia kuzaliwa, walikuwa hivyo hivyo. Makaburi yao yako nyuma ya nyumba.

Daktari wa bondeni alimweleza Zaina kwamba maradhi hayo mtoto amezaliwa nayo na hayaambukizi, lakini kijidudu kikiingia kwenye kifua kile hakitoki upesi. "Na akitokea mtoto mwingine mwenye maradhi haya," akaongeza, "wasikaribiane kamwe. Kila mmoja hubeba vijidudu ambavyo mimi na wewe havitudhuru, lakini vinaweza kumuua mwenzake."

Basi Zaina akachemsha. Akachemsha maji, vijiko, vikombe, hata kanga za kumfunika mtoto. Mlango akaufunga, ufunguo akauvaa shingoni. Mgeni aliyepiga chafya alisalimiwa akiwa uani, akarudi kwao.

Bibi Mwantumu akagonga. Asubuhi na jioni alimlaza mjukuu wake mapajani, akampiga mgongoni kwa kiganja kilichokunjwa kama kikombe, akisikiliza, mpaka palipoziba pakabadili sauti na makohozi yakatoka.

Naye Singano akakimbiza. "Shemeji, nipe huyo mtoto kabla hujamchemsha naye!" Alimpandisha mlima mbio, mtoto akacheka, akakohoa, akavuta pumzi ndefu, akarudi na matope hadi magotini.

"Akiugua, utamzika wewe?" Zaina aliuliza.

"Na akizeekea humo ndani, utasema aliishi?"

Siwema akatimiza miaka kumi na mmoja, umri ambao kaka na dada yake hawakuuona.

Kila asubuhi alipokohoa, mwangwi ulimjibu kutoka ng'ambo ya bonde. Zaina alikuwa ameuzoea kama alivyozoea jogoo. Lakini asubuhi moja ya ukungu, Siwema akiwa kimya anakunywa uji, mwangwi ukakohoa.

Zaina akaganda, mwiko mkononi.

"Leo ameniwahi," Siwema akasema, akacheka.

"Nani?"

"Wa ng'ambo. Mwaka mzima tunaitana, mama. Akikohoa mara mbili, najua amelala vizuri."

Singano alivuka bonde, akarudi bila mzaha. "Anaitwa Rukia binti Kaoneka. Ana miaka kumi na mmoja. Shemeji, nimekuta mbuzi wanamlamba mikono."

Tangu hapo Siwema alikuwa na ombi moja tu, kumwona Rukia. Zaina akakataa. Kisha ng'ambo kukawa kimya. Kwa siku tatu Siwema alikohoa dirishani, akasubiri, akakohoa tena. Uji ukapoa mbele yake.

Siku ya nne mchana, ukungu ukiwa umefunika hata zizi, wakubwa wakagombana juu ya nani mwenye haki ya kuamua.

"Aliyemlinda ni mimi," Zaina alisema.

"Bila kiganja changu ungekuwa umelinda kifua kilichoziba, mwanangu," akajibu Bibi Mwantumu. "Makohozi aliyatoa nani?"

"Na pumzi ya kuyatolea, mama, ilitoka wapi?" akauliza Singano. "Kwenye sufuria?"

Zaina akavua ufunguo, akauweka mezani. Shingo yake ilihisi baridi. "Basi aliyemwokoa auchukue. Yeye ndiye atakayesema mlango ufunguliwe au usifunguliwe."

Hakuna aliyenyoosha mkono.

Siwema akakohoa mara mbili.

Jibu likatoka nje ya mlango.

Kisha Zaina akasikia kwato. Mbuzi wote walikuwa wanatoka zizini, wanakimbilia kizingitini. Akamtazama binti yake, aliyekuwa ndani, mikono mapajani. Huko nje walikuwa wanalamba mikono ya nani?

"Hodi," ikasema sauti ndogo, iliyokatika pumzi.

Siwema aliwatazama mama yake, bibi yake na baba yake mdogo, mmoja baada ya mwingine, kisha akautazama ufunguo.

Je, wewe ungempa nani ufunguo ule? Amua upesi. Nje kuna baridi, na mtoto anakohoa.